Muhamadi Kijuma katika Makasha ya Wengine

Mwanafunzi wa Subukia hukutana na Al-Inkishafi kitabuni: beti zimepangwa kwa herufi za Kirumi, kila kipande mahali pake, na mwishoni pana sherehe ya maneno ya Kiamu ambayo katika Bonde la Ufa hayasikiki. Kitabu hicho humtaja mtunzi, na humtaja mhariri. Aghalabu hakimtaji mtu wa tatu aliyekaa kati yao na kalamu yake, ambaye pasipo yeye mhariri asingekuwa na cha kuhariri. Kwa sehemu kubwa ya tendi za Lamu zilizofika Ulaya katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, mtu huyo alikuwa Muhamadi bin Abubakari Kijuma.

Kijuma alizaliwa Lamu karibu na mwaka 1855, akafariki 1945. Alikuwa mshairi, fundi wa kuchonga mbao, mwanamuziki, bingwa wa ngoma za mashindano, na mwandishi wa hati nzuri za Kiarabu. Aliwanakilia tenzi Alice Werner na William Hichens. Na Ernst Dammann alipokuwa Lamu mwaka 1936 na 1937 alijifunza mengi kwake. Alichompelekea Hichens kimehifadhiwa katika Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika, London, na kinajulikana kwa jina la Hichens. Alichompa Dammann kiko Ujerumani, kwa jina la Dammann.

Yaweza kusemwa kwamba huo ni utaratibu tu wa maktaba: karatasi huitwa kwa jina la aliyezitoa. Ni kweli, lakini utaratibu huo umezaa kosa la uhakiki. Jina la mkusanyaji likishatangulia, Kijuma hubaki "mnakili", na mnakili hudhaniwa kuwa kama mfereji, maji yapite tu. Utendi wa Fumo Liyongo wa mwaka 1913 unatosha kuivunja dhana hiyo, kwani huo unahesabiwa kuwa utungo wake mwenyewe, juu ya visa vilivyosimuliwa tangu zamani. Mkono uliotunga utendi huo ndio ulionakili tungo za wengine. Je, mkono huo ulijizuia kila mara? Swali hili halijibiwi kwa kulinganisha beti peke yake. Linahitaji barua.

Katika barua zake, habari za nakala, za malipo na za maana ya maneno magumu zinakwenda pamoja, wala hakuna sababu ya mhakiki kuona haya mbele ya malipo. Kijuma aliishi kwa kazi ya mikono yake, na nakala aliyomwandikia mgeni hakika haikuwa na shabaha moja na nakala ya kusomwa nyumbani Lamu. Mgeni alihitaji maelezo, mwenyeji aliyajua. Basi sherehe nyingi zinazoonekana vitabuni kama elimu ya mhariri zina asili yake katika majibu ya Kijuma.

Hali hii haikuanza naye. Tungo za Muyaka bin Haji zingalipotea kama Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, aliyefariki 1890, asingalizikusanya na kumpa W. E. Taylor. Hichens alipozitoa Johannesburg mwaka 1940, alitumia karatasi hizo hizo. Diwani ni ya Muyaka, karatasi ni za Taylor. Sikujua hana kasha.

Kwa hiyo kitabu cha Gudrun Miehe na Clarissa Vierke kilichotoka Köln mwaka 2010 kinastahili sifa kubwa, kwa kuwa kimeliweka jina la Kijuma mwanzo kabisa wa anwani, kikamkusanya kutoka makasha mbalimbali na kumtazama kama msanii mzima. Tasnifu ya Abou Egl ya mwaka 1983 ilikuwa imekwisha kuifungua njia hiyo. Lililobaki ni kwamba maelezo yote ni ya Kiingereza, na mwalimu wa sekondari huko Subukia, ambaye ndiye hasa anayekwama penye neno la Kiamu, hakuandikiwa yeye. Maneno yenyewe ya Kijuma ni Kiswahili. Ajabu ni kuyafikia kwa kupitia tafsiri.

Barua za Shaaban Robert zilikuwa na bahati nyingine. Mdogo wake, Yusuf Ulenge, alizihifadhi, na zile za tangu 1931 hadi 1958 zikachapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, mwaka 2002, kwa lugha yake na kwa jina lake. Tangu hapo msomaji wa Maisha Yangu anaweza kumpima mwandishi kwa barua zake. Msomaji wa Liyongo naye anaweza, ila hana budi kwanza ajue jina la Mzungu aliyepelekewa barua.