CJ ni wa Nani? Uhusika na Ufanani katika Banda la Gemu la Kivukoni

Katika semina zetu za fasihi simulizi mifano huwa ni ile ile: bibi, moto wa jioni, wajukuu, sungura na fisi. Kisha huulizwa kama fasihi simulizi inakufa. Nusu ya darasa husema inakufa, nusu nyingine husema inabadilika, na muda wa semina unakwisha. Makala haya hayana nia ya kuurudia ubishi huo. Nia yake ni kumtazama kijana aliyeshika pedi katika banda la gemu na kuuliza swali la kihakiki: huyu anasoma hadithi ya mtu mwingine, au anatamba ya kwake?

Banda ninalolizungumzia liko Kivukoni, pale Mto Kilombero unapowatenganisha watu wa Ifakara na wenzao wa upande wa Ulanga. Msomaji ambaye hajafika huko asihangaike. Banda ni lile lile analolijua mtaani kwao: mabati, benchi mbili, televisheni ya chogo, PlayStation 2 iliyochoka, pedi zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli, na mwenye banda anayekusanya sarafu huku akitazama saa. Wengi wa hapo hucheza kandanda, na kandanda nitaiacha. Ninaoshughulika nao ni wale wanaong'ang'ania Grand Theft Auto: San Andreas, gemu iliyotoka mwaka 2004, ambayo vijana huitaja kwa jina la mhusika wake mkuu, CJ.

Wajuzi watanikatiza hapa: hiyo si gemu ya kuvaa uhusika! Ni kweli kwa kiasi. Utanzu huo ulianzia mezani, si kwenye skrini, pale Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani walipotoa Dungeons & Dragons mwaka 1974. Watu wanaizunguka meza, kila mmoja na mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi, nguvu zake, akili zake, mali zake. Mmoja wao anasimulia, kete zinaamua. Wajapani wakauhamishia kwenye mashine za nyumbani, Dragon Quest mwaka 1986 na Final Fantasy mwaka 1987. Kiini hakikubadilika: mhusika ni wako, anakua kadiri unavyomtumikisha, na ukuaji wake unatunzwa. San Andreas iliazima kiini hicho. CJ akila ovyo ananenepa, asipokula anakonda. Akienda jimu anajaza misuli, akipiga mbizi sana mapafu yake yanapanuka, na heshima yake mtaani ina kipimo. Ndiyo sababu namhesabu humu.

Msuko wenyewe si mgeni kwetu. Ni mwaka 1992, kijana aliyekuwa mbali miaka mitano anarudi Los Santos kumzika mama yake. Kaka yake, Sweet, anamlaumu kwa kukimbia. Polisi fisadi, Tenpenny, anamtishia kesi ya mauaji. Rafiki wa utotoni anakuja kuwa msaliti. Msiba, lawama za ndugu, usaliti. Mtu angeweza kuandika riwaya ya Kiswahili kwa malighafi hiyo, na wapo walioandika bila hata kuiona gemu.

Shida inaanzia kwenye neno "wako". PlayStation 2 haitunzi kumbukumbu ya safari ya mhusika bila memori kadi, na memori kadi ya banda ni moja, ya megabaiti 8, wachezaji ni utitiri. Anayelipia nusu saa yake anamkuta CJ alivyoachwa na mwenzake: mnene, kavaa nguo za ajabu, ana bunduki ambazo huyu mchezaji hakuzitafuta na deni la polisi ambalo hakulifanya. Anampokea hivyo hivyo na kusonga mbele. Muda ukiisha anamwacha kwa mwingine. Siku nyingine kadi imejaa timu za kandanda na hakuna CJ kabisa. Basi inabidi aanze upya, uchochoroni, juu ya ile baiskeli.

Hapo ndipo nadharia ya mwenye gemu inapovunjika. Aliyeitunga alidhani kuna mtu mmoja sebuleni kwake, anamlea mhusika mmoja kwa wiki kadhaa. Kivukoni CJ analelewa na mtaa. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walipoandika juu ya sanaa za maonyesho mwaka 1976 walidai mambo manne: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Yote yamo bandani. Mulokozi naye, katika Mulika namba 21 ya mwaka 1989, anatutaka tuitazame fasihi simulizi kama tukio, lenye fanani wake, hadhira yake, mahali na wakati wake. Bandani fanani hubadilika kila nusu saa, na hadhira haijui kunyamaza. "Kata kulia! Afande huyo! Ingia uchochoroni, we vipi?" Aliyeshika pedi akikosea, benchi zima limekosea. Kuna kazi moja maarufu ambapo CJ anaendesha pikipiki kulifukuza treni huku rafiki yake mnene akirusha risasi kutoka nyuma, na treni inaponyoka. Mtu hushindwa mara tatu, pedi inapita kwa wa pili, anashindwa, inapita kwa wa tatu. Kwa kuwa reli ya TAZARA inapita Ifakara, hakuna anayehitaji kufafanuliwa treni ni nini wala kulikosa kunaumaje.

Suala la lugha ndilo lililonivuta zaidi. Wahusika husema Kiingereza cha mitaani cha Marekani, cha harakaharaka, na maandishi ya chini kwenye televisheni ile hayasomeki. Kwa hiyo hadithi inajazwa na benchi. Sweet akifoka makaburini, mkubwa mmoja hufasiri: "Bro wake huyo, anamwambia ulikimbia, mama kafa wewe hukuwepo." Mara ufasiri ni sahihi, mara ni uongo mtupu, lakini uongo wenye mantiki. Nimesikia chuki ya Tenpenny ikipewa sababu ambayo haimo kwenye diski: ati alimtaka mama yake CJ akakataliwa. Kuna ubaya gani? Lufufu alipokuwa akisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili jijini Dar es Salaam, aliongeza chumvi yake na watu wakamlipa kwa sababu ya chumvi hiyo. Bandani hakuna Lufufu. Benchi lenyewe ndilo Lufufu.

Jambo jingine ni madaraja. Mwanzoni CJ amefungiwa Los Santos. Madaraja na barabara za kwendea miji mingine zimezibwa, na akilazimisha kuvuka anapata nyota nne za polisi. Mhakiki wa Ulaya ataliita hilo hila ya kiufundi. Sitaki kulazimisha ishara, lakini pale Kivukoni watu walisubiri pantoni miaka na miaka, mpaka Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384 lilipofunguliwa mwaka 2018. Mto unaosema "bado" wanaujua.

Sasa tusije tukaugeuza umaskini kuwa pambo, kosa linalotutokea sana sisi wanafunzi wa fasihi. Mchezaji wa Bonde la Kilombero ni mtoto wa mkulima wa mpunga. Msimu ukifika familia huhamia shambani, na yeye yuko huko akiamia ndege wiki hata miezi. Akirudi mjini baada ya mavuno na sarafu zake mfukoni, CJ wake hayupo. "Nani kafuta?" Hakuna ajibuye. Anaanza tena msibani. Matokeo yake ni hadithi ya ajabu: wako vijana waliomzika mama yake CJ mara nyingi kuliko wanavyoweza kukumbuka, lakini mwisho wa Tenpenny wanausikia tu kwa mdomo, kutoka kwa jamaa aliyekaa Morogoro kwa mjomba mwenye mashine yake. Ngano ya bibi hurudiwa kila usiku, naam, lakini kila usiku inafika mwisho. Hii haifiki. Kusema kwamba huo nao ni "uwazi wa matini" ni kumdhihaki mtu aliyetoa hela yake.

Ndiyo maana kuna madaftari ya kodi (si ile ya TRA). R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu: CJ anapata afya, fulana ya kuzuia risasi na dola 250,000. Vidole vinaikariri kama kibwagizo, na wadogo wanaiimba kabla hawajaruhusiwa kushika pedi. Walimu wetu wangeiona kuwa uvivu. Mimi naiona hesabu: gemu hii hutoza ukuaji kwa muda, na bandani muda ni fedha taslimu. Nani atalipia dakika kumi za kumtazama CJ akinyanyua vyuma? Hata hivyo, kisanaa kodi inaua. Mhusika anayepata misuli bila jimu na mali bila jasho hana wasifu tena, ni kikaragosi chenye bunduki. Benchi lenyewe linajua. Kodi zikianza kumwagika vituko huongezeka, vifaru, magari yanayoruka, lakini ufasiri unakoma. Hakuna tena anayeuliza Sweet anasema nini.

Wapo watakaosema nimezunguka bure, huu ni ubeberu wa kiutamaduni kwa sarafu. Wana hoja. San Andreas ilitengenezwa na Rockstar North ya Edinburgh: watu weusi wa Los Angeles waliosanifiwa Uskochi, wakachezwa Kivukoni. Usawiri wa wanawake ni aibu. Mama keshakufa kabla hadithi haijaanza, na wapenzi wa CJ ni vipimo vya asilimia vya kujazwa. Benchi haliusahihishi upungufu huo, kwa sababu benchi ni la wavulana watupu. Mabinti wa rika lao wako kisimani au jikoni wakati huo, na ufanani wote ninaousifu hapa umewaacha nje.

Na kifo. CJ akifa anaamka nje ya hospitali, kapungukiwa dola 100 na silaha zake. Kwa mahali ambapo kivuko MV Kilombero II kilipinduka Januari 2016, kifo cha dola 100 ni jambo la kucheka, na wanacheka kweli. Lakini mwaka 2024 ilitoka gemu isiyocheka, Tales of Kenzera: Zau, ya Surgent Studios ya Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeitunga kwa uchungu wa kufiwa na baba. Kijana Zuberi anasoma hadithi aliyoachiwa na marehemu baba yake. Ndani ya hadithi hiyo mganga Zau anapatana na Kalunga, mungu wa kifo: amletee roho tatu kuu, naye arudishiwe Baba. Sauti za Kiswahili zimo. Nayo si ya kuvaa uhusika kwa ukamilifu, ni ya kuruka na kupigana kwa vinyago vya jua na mwezi, lakini uzito wa uhusika inao kuliko CJ wa kodi.

Ila inataka PlayStation 5, au kompyuta, au mashine nyingine za bei hiyo. Kiswahili kimefika kwenye gemu, gemu haijafika kwa Waswahili wa banda. Na siku itakapofika nina shauku ya jambo moja: benchi litafanya nini na hadithi ambayo tayari inasema lugha yao? Wenzangu wawili wanaamini litanyamaza lisikilize. Mimi nadhani litamkatiza Kalunga katikati ya sentensi na kuanza kupatana naye bei: roho tatu nyingi, mzee, chukua mbili.