Kinindo Ndani ya Kompyuta: Basi Lisilo na Ratiba

Machi 2022, baiskeli, pikipiki na tuktuk zilipigwa marufuku kuingia katikati ya Bujumbura. Aliyezoea kutoka mtaa wa Kinindo kwenda mjini kwa tuktuk akabaki na basi, teksi au miguu yake. Nani angeumia zaidi? Swali hilo lingeweza kupimwa kabla ya amri kutolewa.

Programu ya kuigiza usafiri kama MATSim, iliyoendelezwa Zurich na Berlin, huunda watu wa kubuni wanaowakilisha wakazi halisi. Kila mmoja hupewa mpango wa siku: kutoka nyumbani Kinindo, kuwa kazini saa moja na nusu asubuhi, kurudi jioni. Wote hutembezwa pamoja, na barabara ikijaa wanakwama. Siku ikiisha, kila mmoja hupata alama: muda wa kazini huongeza, muda wa njiani hupunguza, kuchelewa hupunguza zaidi. Kisha baadhi yao hubadili njia, usafiri au saa ya kuondoka, na siku ileile hurudiwa, pengine mara mamia, mpaka alama ziache kupanda. Hapo ndipo unaondoa tuktuk na kutazama alama za nani zimeporomoka.

Ugumu uko kwenye basi. Mabasi ya Zurich yana ratiba. Ya kwetu huondoka yakijaa. Muda wa kusubiri unategemea abiria wenzako, na mafuta yakiadimika, kama Bujumbura ilivyoshuhudia miaka ya karibuni, basi lenyewe haliji.

Nairobi, yenye ugumu kama huo, ilianza na kazi ya uwandani. Katika mradi wa Digital Matatus, Chuo Kikuu cha Nairobi kilishirikiana na MIT, Columbia na kampuni ya Groupshot. Wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu zenye GPS, wakarekodi njia zaidi ya 130 na vituo vyake, hata visivyo rasmi. Ramani ilitoka mwaka 2014. Takwimu zilipangwa kwa muundo wa GTFS, unaoruhusu kuandika basi hupita kila baada ya dakika ngapi, bila saa kamili.

Kwa Kinindo, naona wastani huo wa dakika hautoshi. Muda wa kusubiri upimwe kituoni: tangu abiria wa kwanza apande hadi gari liondoke, alfajiri na mchana, siku yenye mafuta na siku isiyo nayo. Waendao kwa miguu nao wahesabiwe. Modeli inayohesabu magari peke yake itaonyesha kwamba barabara imefunguka, na aliyetembea kutoka Kinindo hadi mjini hataonekana popote.