Bandama Kubwa Isiyoonekana

Kwenye zahanati za pwani hii, kuanzia Mtwapa hadi Malindi, mtoto mwenye homa hulazwa chali na kupapaswa chini ya mbavu za kushoto. Bandama ikiguswa, imevimba, na fikra ya kwanza ni malaria. Zamani hata ukali wa malaria katika kijiji ulipimwa hivyo hivyo, kwa kuhesabu watoto wenye bandama kubwa. Lakini mtoto mwenye selimundu naye huvimba bandama, na kwake ukubwa huo unadanganya. Waliolionyesha hilo ni Howard Pearson na wenzake, huko Marekani, mwaka 1969. Njia waliyotumia inafaa kuchambuliwa, maana inaeleza vizuri jinsi dawa yenye mnururisho inavyofika mahali fulani mwilini na kukwepa pengine.

Dawa yenyewe ilikuwa tekinetiamu-99m. Hutoa miale ya gama inayopenya nyama na ngozi hadi kwenye kamera iliyo nje ya mwili, na kila baada ya saa 6 hubaki nusu yake. Haina habari na bandama. Ukiidunga ilivyo, huelekea kwenye tezi ya koo, tezi za mate na tumbo, kwa kuwa mwili huipokea kama iodini. Kwa hiyo huvishwa vazi jingine: huchanganywa na chumvi yenye salfa pamoja na asidi, kichupa kikachemshwa ndani ya maji kwa dakika chache, salfa ikajitenga kuwa chembechembe zilizoibeba tekinetiamu. Jelatini huzuia chembe zisigandamane. Hilo si jambo dogo: nyingi zinatakiwa ziwe chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita, na zikishikana zikawa madonge, zitakwama kwenye mishipa myembamba ya mapafu, na picha itakayotoka ni ya mapafu.

Zikitengenezwa sawasawa, hazikai kwenye damu. Katika dakika chache tu seli zinazomeza takataka za damu huwa zimeshazila. Asilimia 80 hadi 90 huishia kwenye ini, sehemu ndogo kwenye bandama, na salio kwenye uboho wa mifupa. Basi ili bandama ing'ae pichani, mambo mawili lazima yawepo: damu iifikie, na seli zake ziwe hai za kumeza.

Pearson na wenzake walikuta watoto wenye selimundu ambao bandama zao zilishikika wazi kwa mkono, lakini kwenye picha ini limeng'aa na upande wa kushoto ni giza tupu. Bandama ipo, kazi haipo. Ila giza lenyewe halisemi ni lipi kati ya yale mawili limekosekana, na hapa ndipo ninapowavulia kofia. Taarifa yao ya 1970 ilieleza kwamba watoto wadogo walipoongezewa damu ya kawaida, bandama ilirudi pichani kwa muda. Seli zake za kumeza hazikuwa zimekufa. Chembe nyekundu zilizopinda na kukakamaa ndizo zilizoharibu njia, damu ikawa inapita kandokando bila kuchujwa. Mtoto akikua, makovu hujaa, bandama ikasinyaa, na kuongeza damu hakuirudishi tena.

Mtoto asiye na kichujio hicho hushambuliwa na bakteria kwa urahisi wa kutisha. Utafiti wa Kilifi wa Thomas Williams na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009 kutokana na watoto waliolazwa kati ya 1998 na 2008, ulikadiria kuwa uwezekano wa bakteria kuingia kwenye damu kwa watoto wenye selimundu ni takriban mara 26 ya wenzao. Aliyeongoza ni pneumokoka, yule yule ambaye chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya Kenya mwaka 2011.

Je, kila mtoto wa Malindi mwenye selimundu apigwe picha hii? Sioni sababu. Basi la Nairobi huchukua kama saa 10. Dawa ikitumwa kutoka huko kwa basi, theluthi moja tu, au pungufu, ndiyo itakayoshuka ikiwa bado na nguvu, kwa hiyo ni mtoto ndiye atakayelazimika kusafiri. Tone la damu chini ya darubini linaweza kuonyesha mabaki ya kiini ndani ya chembe nyekundu, ambayo bandama nzima ingeyaondoa, ingawa kipimo hicho huweza kukosa upungufu wa mapema. Nayo penisilini ya kumeza kila siku, iliyopunguza maambukizi ya pneumokoka kwa asilimia 84 katika jaribio la Marekani la 1986, haihitaji kamera. Mtoto huanzishiwa mara ugonjwa unapojulikana, bandama ishikike isishikike.