Mwandishi na Mapigo 15

Kwa msomaji wa Kiswahili, santuri hii huanza kuchekesha kabla sindano haijashuka. Jaladani pameandikwa Mwandishi. Ukisoma majina ya wapigaji, Buster Williams wa besi ni Mchezaji, Billy Hart wa dramu ni Jabali, Eddie Henderson wa tarumbeta ni Mganga, Julian Priester wa tromboni ni Pepo Mtoto. Bennie Maupin wa klarineti ya besi ni Mwile. Nadhani ilikusudiwa mwili, herufi moja ikazama wakati wa kuvuka bahari. Kiongozi wao, mpiga piano Herbie Hancock, ndiye Mwandishi mwenyewe.

Majina hayo waligawiwa na James Mtume, kijana aliyekuwa mfuasi wa Maulana Karenga, mwasisi wa sikukuu ya Kwanzaa iliyoanza mwaka 1966 na kujazwa maneno yetu. (Mtume! Huku pwani ukijiita hivyo utaulizwa kitabu chako kiko wapi.) Ningeweza kukaa hapa nikisahihisha: mchezaji kwetu yuko uwanjani na jezi yake, na anayetunga muziki ni mtunzi. Lakini Mganga limempata mwenyewe, maana Henderson alisomea udaktari akahitimu. Na siku hizi hata Mwandishi silioni kuwa kosa. Tena linanitia wivu, mimi ninayelitumia jina hilo kutafutia riziki.

Walirekodi San Francisco, mwisho wa mwaka 1970. Upande wa kwanza unafunguliwa na "Ostinato", uliotungwa kwa heshima ya mwanaharakati Angela Davis, ambaye wakati huo alikuwa mahabusu. Alichoandika Hancock humo ni kidogo mno: mstari mmoja wa besi, unaozunguka kwa dakika 13 hivi. Ila mstari wenyewe una hila. Una mapigo 15, manane kisha saba. Mkono wangu uliozoea chakacha hugonga meza vizuri mzunguko wa kwanza. Wa pili meza inalia pasipo na pigo, nami nabaki nimeinua kidole kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Pigo la 16 ambalo sikio linalingoja halipo, na kabla hujalitafuta besi imeshaanza upya. Ndiyo maana marudio yale hayalazi mtu. Nani atapata usingizi kwenye kitanda chenye tendegu moja fupi?

Juu ya mstari huo wamekaa watu tisa. José "Chepito" Areas, mzaliwa wa Nicaragua aliyekuwa akipiga na kundi la Santana, ana konga na timbali zake. Leon "Ndugu" Chancler amekalia dramu za pili kando ya Jabali. Ronnie Montrose ana gitaa la umeme. Wagongaji watatu kwenye hesabu isiyogawanyika kwa mbili! Ungetegemea vurugu. Badala yake unasikia nafasi. Piano ya umeme inadondosha sauti mbili tatu, mashine ya mwangwi inazidaka na kuzirudisha zikiwa zimekonda, na mwenye tarumbeta anangoja zife kabisa ndipo aingie. Hakuna anayemkata mwenzake kauli. Mwandishi ameacha pambizo pana kuliko maandishi, wenzake wakajua la kufanya nazo.

Upande wa pili hakuandika kitu. Wote ni wa Pepo Mtoto: utunzi mmoja wa Priester, dakika 21 na ushei. Unaanza kwa mwendo wa watu wanaosindikizana, katikati unapasuka, kila mtu na njia yake. Sitajifanya: kuna dakika nne hivi humo ambazo mimi huenda jikoni kubandika chai. Nikirudi nakuta wameshaanza kukusanyana, na hapo sikubali kuitwa na mtu.

Soko halikuwataka. Mwaka 1973 Hancock alilivunja kundi, na mwaka huohuo akatoa santuri ya Head Hunters, iliyochezesha watu na kuuzika mno. Simlaumu, hata mimi naicheza.

Lakini meza yangu ina alama ya kucha kwa sababu ya ile nyingine. Jana usiku nimeenda nayo mizunguko sita bila kupotea. Wa saba nikamsikia Maupin akiunguruma chini ya besi, nikasahau kuhesabu.