Vina si kipimo cha kila wimbo: maneno ya ushairi mbele ya karisi ya Mwindo

Wanafunzi wetu wa sekondari wakiulizwa shairi ni kitu gani, wengi wanajibu mara moja: ni maandishi yenye beti na vina. Wamelisoma jibu hilo katika vitabu vya Kifaransa na vya pwani. Si jibu baya. Lakini liko na hatari moja: ukilishika hilo peke yake, utafika kusema kama wazee wetu hawakuwa na ushairi.

Tuanze na maneno yenyewe. Mstari mmoja wa shairi ni mshororo. Mishororo ikikusanywa inafanya ubeti. Vina ni silabi zenye sauti moja, katikati au mwisho wa mshororo. Mizani ni hesabu ya silabi. Katika shairi la kawaida la pwani, ubeti uko na mishororo 4, na kila mshororo una vipande 2 vya mizani 8, jumla 16. Amri Abedi alizieleza kanuni za utungaji huo katika kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi, mwaka 1954. Hata huko si wote waliozifuata: mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi wa Tanzania alitoa Kichomi, mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani, na mabishano yakawa makali.

Sasa tupeleke kipimo hicho kwa ndugu zetu Wanyanga wa Walikale. Mwaka 1956, Candi Rureke alimtolea Daniel Biebuyck masimulizi ya Mwindo kwa siku 12, akiimba, akisimulia na kucheza. Biebuyck na Kahombo Mateene, mwana wa inchi yetu, wakayachapisha mwaka 1969. Masimulizi ya namna hiyo Wanyanga wanayaita karisi. Ukiingia humo kutafuta vina na mizani 16, utatoka mikono mitupu. Mtu wa haraka atasema: hii ni hadithi tu, ushairi hakuna.

Sisi tunasema hapana. Ushairi uko, ila umekaa mahali pengine. Kwanza, umekaa katika takriri, ndiyo kurudilia neno, wimbo au tendo. Msimuliaji anaanza wimbo, wengine wanapokea, na kila ukirudi habari inapiga hatua. Pili, umekaa katika majina ya sifa. Mwindo haitwi kwa jina tupu. Anaitwa kwa jina linalokumbusha kwamba alitembea mara tu alipozaliwa, na jina hilo peke yake linabeba habari nzima. Tatu, umekaa katika mapigo. Vijana wanagonga fimbo msimuliaji akiendelea, na mapigo hayo yanashika mwendo wa maneno, kazi ambayo kwa mshairi wa pwani inafanywa na mizani.

Tuangalie tena tamathali za usemi, juu hapo neno linaweza kutudanganya. "Mwalimu ni kama taa" ni tashibiha. Ukiondoa "kama", ukasema "mwalimu ni taa", umefanya istiara. "Njaa imeketi jikoni kwetu" ni tashihisi, sababu njaa imepewa tendo la mtu. Basi katika karisi yuko Nkuba, Radi, anayesema na Mwindo na kumpandisha juu mbinguni. Mwanafunzi ataandika upesi: tashihisi. Tunamwomba angoje kidogo. Kwa Wanyanga wenyewe, Nkuba ni mmoja wa wenye nguvu wa huko juu. Si kitu kisicho na uhai ambacho msimuliaji amekipamba kwa maneno. Mwenye kusema "njaa imeketi" anajua kama njaa haina miguu. Msimuliaji wa karisi hachezi na neno namna hiyo. Kwa hiyo, kabla ya kutia jina la tamathali, tuulize kwanza: anayesema anaamini nini?

Kuhusu kitabu chenyewe, tunakishukuru na tunakidai. Kimetuhifadhia maneno, na bila hicho wengi wetu tusingemjua Mwindo. Lakini karatasi haigongi fimbo wala haipokei wimbo. Anayeisoma karisi kimya, kama barua, amepata nusu yake, na hana haki ya kuhukumu nusu asiyoisikia.

Hatusemi kwamba vina na mizani vitupwe. Fundi hatupi mizani yake juu imeshindwa kupima urefu wa kitambaa. Anachukua kipimo kingine. Mwanafunzi akileta wimbo wa nyumbani kwao, tumuulize kwanza: ni nini kinachorudi? Nani anapokea? Kuna jina gani la sifa? Mapigo yanaanguka wapi? Baadaye ahesabu silabi, kama ziko za kuhesabu. Akizoea hivyo, atajua kutaja takriri na istiara, na hataona haya kuyataja katika nyimbo za bibi yake.