Msinionyeshe Silikoni Inayong'aa

Kuna tangi la samaki la mtumba linasifiwa sana hapa Kilema. Limefufuliwa mjini Moshi, limesuguliwa likameta, pembe zote zimepakwa silikoni nyeusi nene, na kila mgeni akiingia sebuleni anasema fundi ana mkono. Mkono gani? Silikoni nyeusi ni pazia. Fundi anayejiamini hutumia isiyo na rangi, ukaona alichofanya na alichoruka.

Wasiojua hukagua kioo. Wanatafuta mikwaruzo, wanalalamikia chokaa, ambayo siki na wembe huimaliza mchana mmoja. Mimi natazama kiungo. Ukanda wa ndani, uliolainishwa kwa kidole, ni mlinzi tu. Mzigo unabebwa na silikoni iliyobanwa katikati ya vioo viwili. Tangi la sentimita 100 kwa 40 kwa 50 likijaa lina kilo 200 za maji, mawe na mchanga bado. Inama, kitazame kiungo kwa ubavu, dirisha likiwa mbele yako. Rangi ikiwa moja mwanzo hadi mwisho, kimeshika. Ukiona weupe unatambaa, au viputo vimeungana mpaka ukingoni, kimeachia.

Kisha chokoa mwisho wa ukanda kwa ukucha. Silikoni mpya haishiki juu ya iliyokwisha kukauka, inalala tu. Ukinyanyuka wote, umepakwa juu ya ya zamani. Mzee aliyenifundisha alikwangua kwa wembe, akafuta kwa spiriti, akapitisha kidole mpaka kioo kilie, ndipo akashika bunduki ya silikoni. Akimaliza, wiki nzima haligusi, harufu ya siki iishe yenyewe. Mteja wa haraka alirudishiwa hela zake.

Siku hizi? Muuzaji mmoja alijaza maji saa moja kabla mteja hajafika, akatandika gazeti chini: "Ona mangi, hata tone!" Kiungo kibovu huanza kutoa jasho usiku wa pili. Mwingine alitumia silikoni ya bafuni, yenye dawa ya kuzuia ukungu. Halikuvuja, samaki walioletwa kutoka Kigoma ndio walioelea.

Matangi ya zamani, ya fremu ya chuma na puti, yalikuwa mazito na yenye kutu, lakini puti ikichoka uliiona. Kwa kina cha nusu mita, kioo chini ya milimita 8 sikitazami. Na tangi lijazwe siku tatu, juu ya meza iliyonyooka, muuzaji akiwa hana kitambaa mkononi.