Treni ya Zamani Haikuwa Behewa Moja

Tangu SGR ianze 2017, makala za kuililia treni ya zamani ya Mombasa–Nairobi haziishi. Ni tamu, sikatai. Lakini nyingi nilizosoma zimeketi behewa la chakula tu: vitambaa vyeupe, supu, ndovu wa Tsavo dirishani. Na daraja la tatu je? Huko watu walikesha wameketi, mizigo miguuni, mtoto mapajani. Sisi wa Kilifi na Malindi reli haikutufikia kabisa. Ulipanda matatu hadi Mombasa kwanza, ndipo safari ianze. Hilo nalo halimo. Mtu akitaka kuililia treni, ailie. Ila atuambie alikata tiketi gani, manake bila hiyo tunasomewa menyu tu.